Chelewa Chelewa na Mtoto Asiyesema

Hapana nyumba visiwani mwetu isiyoijua furaha ya siku ile mtoto anapotamka neno lake la kwanza. Bibi huitwa kutoka jikoni aje asikie, jirani huhadithiwa, na neno lenyewe, hata likiwa nusu, hurudiwa na nyumba nzima. Lakini zipo pia nyumba ambazo siku hiyo haiji. Mtoto ametimiza mwaka, ametimiza wa pili, anakimbia na kupanda vitanda, ila hasemi. Mama anapoueleza wasiwasi wake, jawabu analolipata ni lile lile: "Mwache, mwanangu; baba yake naye alichelewa, na leo hanyamazi."

Maneno hayo hutolewa kwa wema, na mara nyingi husadifu. Watoto hawalingani, na wapo wengi wanaochelewa kisha wakawafikia wenzao bila ya tiba yoyote. Tatizo ni kwamba hapana bibi, wala daktari, awezaye kumtazama mtoto wa miaka miwili kwa macho tu akasema kwa yakini kuwa huyu ni miongoni mwa hao na yule siye. Wahenga walisema subira huvuta heri. Lakini ni wao hao waliosema chelewa chelewa utamkuta mtoto si wako. Sisi tunaona kuwa katika jambo hili msemo wa pili ndio unaostahiki kufuatwa.

Zipo alama chache ambazo mzazi yeyote anaweza kuzishika. Kabla ya kutimiza mwaka, mtoto huwa anabwabwaja na hugeuka aitwapo jina lake. Afikapo mwaka mmoja hivi huanza kukionyesha kwa kidole kitu akitakacho, na maneno ya kwanza huanza kutoka. Katika miezi 18 huwa na maneno kadhaa, na akitimiza miaka 2 huunganisha maneno mawili, kama vile "mama njoo". Asiyezifikia hatua hizi si lazima awe mgonjwa. Ila anastahiki kutazamwa. Ama mtoto aliyekwisha kuwa na maneno kisha yakampotea, huyo apelekwe kwa daktari mara moja.

La kwanza kutazamwa ni masikio. Katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa, mmoja hadi watatu huzaliwa na upungufu wa kusikia, na wengine huupata baadaye kwa sababu ya homa ya uti wa mgongo, manjano makali ya siku za uchanga, au sikio linalotoka usaha na kuachwa bila ya dawa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa kiasi cha asilimia 60 ya upotevu wa kusikia utotoni hutokana na sababu zinazoweza kuzuilika.

Wazee wengi huambiwa haya wakakataa. "Anasikia," husema, "mbona mlango ukibamizwa hugeuka?" Lakini huenda mtoto huyo amehisi mtikisiko wa sakafu, au ameona kivuli, au anasikia vishindo vizito tu huku sauti nyembamba za maneno zikimpita. Kugonga sufuria nyuma ya kisogo cha mtoto si kipimo. Kipimo ni kile cha chombo, na hata mtoto mchanga aliyelala anaweza kupimwa.

Wapo wanaosikia vizuri na bado wakachelewa, wengine kwa usonji, wengine kwa kuchelewa kukua kwa akili, na wengine bila ya sababu inayoonekana. Kila mmoja wao ana msaada unaomfaa. Lakini kumkata kilimi hakumfunzi mtoto kusema, na wembe una hatari zake. Dua na kombe hatuvigusi, kwani ni imani ya watu. Tunachosema ni kuwa visiwe sababu ya kuiacha hospitali. Wala haifai hata kidogo kumlaumu mama. Linalotakiwa kwake, na kwa baba pia, ni kuzungumza na mtoto uso kwa uso wakati wa kukuna nazi, wa kuosha vyombo na wa kwenda dukani, kukitaja kila kitu kwa jina lake, na kumpa nafasi ya kujibu japo kwa ishara. Simu anayopewa ili anyamaze haimjibu.

Faida ya kuwahi haina shaka. Utafiti wa Christine Yoshinaga-Itano na wenzake, uliochapishwa nchini Marekani mwaka 1998, ulionyesha kuwa watoto wenye upungufu wa kusikia waliogunduliwa kabla ya miezi 6 walikuwa na lugha bora kuliko waliogunduliwa baadaye. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza mwaka 2017 kupandikiza vifaa vya kusaidia kusikia. Lakini kifaa hicho humfaa zaidi mtoto aliyepelekwa mapema. Na yule ambaye hatasikia, naye ana haki ya kufunzwa lugha ya alama tangu udogoni, pamoja na wazee wake, kwani ubongo wa mtoto unahitaji lugha, iwe ya ulimi au ya mikono.

Sasa tunaielekea Serikali. Tangu mwaka 2014 watoto wetu wanachanjwa surua na rubela, na sindano hiyo hutolewa kwenye miezi 9 na tena kwenye miezi 18. Chanjo yenyewe ni kinga ya masikio, kwa kuwa rubela ikimpata mama mjamzito huweza kumtia uziwi mtoto aliye tumboni. Basi muuguzi amekwisha kukutana na mtoto katika umri ule ule unaohusika. Tunaiomba Wizara ya Afya iagize kwamba siku ya sindano ya miezi 18 mama aulizwe maswali matatu: je, mtoto hugeuka aitwapo, je, huonyesha kwa kidole, je, ana maneno mangapi? Majibu yaandikwe katika kadi kama uzito unavyoandikwa, na mwenye upungufu asiondoke bila ya kupewa siku ya kupimwa masikio.

Na kipimo kimfuate mtoto. Mzee wa Kojani au wa Tumbatu huianza safari yake ya hospitali kwa chombo cha baharini, na nauli humla kabla hajamwona daktari. Vipo vyombo vya kupimia masikio vinavyoshikwa kwa mkono mmoja na kubebeka katika mkoba. Muuguzi mmoja aliyefunzwa akizunguka navyo vituoni kwa siku zinazojulikana, na masheha wakawatangazia watu mapema, jambo hili linawezekana.

Tunajua kuwa wakuu watauliza gharama. Nasi tunauliza gharama ya mtoto anayefika skuli bila ya lugha, akakalishwa nyuma, akaitwa mjinga na mkaidi, na kumbe tangu siku ya kwanza hajamsikia mwalimu. Gharama hiyo hulipwa na mtoto mwenyewe kwa umri wake wote, na taifa nalo hukosa mikono na akili yake.

Kwa hiyo mwenye mtoto wa miaka miwili asiyesema asiingoje Idi ipite wala mavuno yaishe. Amchukue kituoni wiki hii, na akiambiwa "atasema tu", aombe kwa adabu masikio ya mwanawe yapimwe. Nao wahusika katika Wizara tunatumai watahakikisha kuwa atakapoomba hivyo, kipimo kipo.