Kifungo cha miaka 15 bila kuambiwa kosa

Hebu jiulize, msomaji mpenzi. Umefungiwa chumbani bila hakimu wala mashtaka, na hujui nani aliyekufungia. Una kalamu na daftari. Unaamua kuandika jina la kila mtu uliyewahi kumkosea maishani, ili ubahatishe ni yupi kati yao aliyekufanyia hivyo. Je, ungejaza kurasa ngapi?

Oh Dae-su alijaza madaftari. Yeye ndiye mhusika mkuu wa Oldboy, sinema ya Korea Kusini iliyotoka mwaka 2003 chini ya mwelekezi Park Chan-wook. Ni mtu wa kawaida tu: ana mke, ana binti mdogo, anapenda pombe na hana breki mdomoni. Usiku mmoja wa mwaka 1988 yuko kituo cha polisi kwa ulevi na fujo, ilhali ni siku ya kuzaliwa ya bintiye na zawadi ya mtoto anayo. Rafiki yake anakuja kumtoa. Wanasimama kwenye kibanda cha simu kupiga nyumbani, na wakati rafiki bado anazungumza na watu wa nyumbani, Dae-su anatoweka.

Anaamka katika chumba kinachofanana na cha hoteli ya bei ya chini. Kuna kitanda, bafu na televisheni. Chakula kinasukumwa kupitia tundu la chini ya mlango, na chakula chenyewe ni vile vitafunio vya Kikorea vya unga vilivyojazwa nyama na kukaangwa, ndugu wa sambusa zetu. Leo hivyo, kesho hivyo, kwa miaka 15. Ni televisheni inayomwarifu kwamba mkewe ameuawa na kwamba anayesakwa ni yeye. Ni hiyo hiyo inayomwonyesha kifo cha Diana wa Uingereza mwaka 1997 na Kombe la Dunia la 2002 likichezwa katika nchi yake mwenyewe, naye yuko nyuma ya ukuta. Kila mwaka ukipita anajichora mstari mwilini kwa sindano.

Kisha, siku moja, anaachiliwa. Anavishwa suti nzuri na hapewi maelezo yoyote.

Wengi wetu tulilelewa na sinema za kisasi. Katika zile za Kihindi za zamani, baba anauawa mwanzoni, mtoto anakua, jambazi anapigwa mpaka anakiri, na ukumbi mzima unapiga makofi. Ukiingia kwa Oldboy ukitarajia makofi utakwama. Hapana shaka Dae-su anataka damu, na sisi tunamtakia aipate. Lakini adui yake, tajiri mtanashati aitwaye Lee Woo-jin, hajifichi. Anajitokeza mwenyewe mapema na kumpa siku tano za kugundua sababu ya kifungo kile. Akishindwa, Mi-do, msichana mpishi aliyempokea Dae-su mikononi mwake alipotoka, atauawa.

Halafu anamwonyesha rimoti. Woo-jin ana kifaa kinachousaidia moyo wake kupiga, na kwa rimoti hiyo anaweza kuuzima wakati wowote apendao. Ukinitesa, anamwambia kwa upole, nitabonyeza, na hutajua kamwe kwa nini. Basi chagua: kulipiza, au kujua.

Tazama uso wa mwigizaji Choi Min-sik hapo. Mtu ambaye kwa miaka 15 alikuwa akiupiga ukuta ngumi ili mikono iwe tayari kwa siku hii, anashindwa kuinua mkono. Mimi sijaona sinema nyingine inayomfunga mlipiza kisasi kwa kamba nyembamba namna hiyo.

Sasa turudi kwa yale madaftari. Dae-su anaandika na kuandika, lakini jambo lililomponza halikumbuki. Linaanzia siku alipokuwa mwanafunzi, na inambidi airudie shule yake ya zamani ndipo limrudie akilini. Si kwamba alilificha. Kwake lilikuwa kitu kidogo, maneno machache aliyomwambia mwenzake kabla ya kuhamia shule nyingine. Wanafunzi mnaosoma ukurasa huu mnajua vizuri jinsi neno linavyotoka darasani asubuhi na kufika bwenini jioni likiwa limeota pembe. Aliyelitoa akala chakula chake cha usiku na kulala. Yuko mwingine ambaye hakulala.

Nisingetaka mtu aelewe kwamba sinema inamtetea Woo-jin. Haimtetei. Ana fedha, ana nyumba juu kabisa ya jengo refu, ana walinzi, na vyote amevigeuza kuwa vyombo vya kazi moja tu. Hana mke, hana rafiki, hana mzaha usiohusu kisasi chake. Ukimwangalia akitabasamu unajiuliza atafanya nini siku kazi hiyo ikiisha. Park Chan-wook naye amejiuliza, na jibu lake limo humo ndani.

Kwa wapenzi wa ngumi, lipo pambano la koridoni ambapo Dae-su anakabili genge zima akiwa na nyundo. Lilipigwa kwa mfululizo mmoja bila kukatwa, na kulipata sawasawa kulichukua siku tatu. Hakuna kuruka hewani hapa. Watu wanachoka, wanaanguka, wanahema, wanainuka tena. Ipo pia ile ya pweza anayeliwa akiwa hai. Ni pweza wa kweli, na Choi, ambaye ni muumini wa dini ya Kibudha, aliwaombea kabla ya kuwatia kinywani.

Mwaka 2004 sinema hii ilipata tuzo ya pili kwa ukubwa katika tamasha la Cannes, Ufaransa, ambako jopo la waamuzi liliongozwa na Mmarekani Quentin Tarantino. Bombay ilijaribu hadithi iyo hiyo kwa jina la Zinda mwaka 2006, Sanjay Dutt akiwa mfungwa. Spike Lee akaitengeneza upya Marekani mwaka 2013. Hiyo ya pili unaweza kuiacha bila hasara.

Wazazi, neno moja. Msidanganywe na zile tamthilia za mapenzi za Kikorea ambazo nyumba nzima hukaa kuzitazama. Oldboy si ya kuwekwa sebuleni watoto wakila. Kuna mtu anang'olewa meno, kuna mambo ya kitandani, na kuna siri mwishoni ambayo itamsumbua hata mtu mzima kwa siku kadhaa. Hata kwa kijana aliyemaliza sekondari, itazame wewe kwanza.

Na unapoitazama, shika jambo moja ambalo Woo-jin anamwambia mfungwa wake: kwamba siku zote amekuwa akiuliza swali lisilofaa. Badala ya kuuliza kwa nini alifungwa, angeuliza kwa nini aliachiliwa, tena baada ya miaka 15 kamili, si 10 wala 20. Hesabu hiyo usiipuuze. Jibu lake ninalijua, na sitaliandika hapa.