Namba ya Gari na Siri ya Mwenye Gari



Kila anayetumia barabara ya Dar es Salaam kuja Morogoro anaujua mtindo wa madereva kuwashiana taa. Gari linalotoka mbele linakonyeza, nawe unafahamu kwamba askari mwenye tochi amesimama mahali fulani kando ya barabara. Picha ikishapigwa na namba ikaingizwa katika mfumo wa Polisi, deni la shilingi 30,000 limeligandama gari. (Kwa bodaboda na bajaji serikali iliipunguza faini hadi 10,000 mwaka 2021, na vijana wetu wa Kihonda na Bigwa walishukuru.) Deni hilo huweza kutazamwa kwa simu na yeyote aijuaye namba ya gari: mwenye gari, mnunuzi, hata jirani mdadisi.

Katika utaratibu huo bado yupo mwanadamu aliyeshika tochi, na aliyepigwa picha ni yule aliyeonekana kukosea. Ulimwengu umekwisha kuvuka hapo. Zipo kamera zinazosoma vibao vya namba zenyewe, gari baada ya gari, mchana na usiku, za waliokosea na za wasio na kosa lolote, kisha zikahifadhi mahali na saa. Rekodi ya siku moja haina uzito. Ya miezi sita inaeleza mtu analala wapi, anaswali Ijumaa msikiti gani, anampeleka mama yake hospitali ipi, na ni nyumba ya nani anayoitembelea baada ya Isha.

Jirani zetu wa Uganda wamekwisha kuingia katika njia hiyo, na sababu zao hazipaswi kupuuzwa na Muislamu. Kati ya mwisho wa 2014 na 2016 masheikh kadhaa waliuawa kwa risasi nchini humo, miongoni mwao Sheikh Mustafa Bahiga, Sheikh Hassan Kirya na Meja Sheikh Muhammad Kiggundu. Mara nyingi wauaji walikuja kwa pikipiki na kutokomea. Baada ya mbunge Ibrahim Abiriga kuuawa Juni 2018, Rais Museveni alitaka kila gari na kila pikipiki iwe na kibao cha namba cha kielektroniki. Julai 2021, muda mfupi baada ya Jenerali Katumba Wamala kushambuliwa na binti yake kuuawa, serikali ilitia saini makubaliano na kampuni ya Kirusi kuhusu vibao hivyo. Mjane wa sheikh aliyeuawa akisema kamera ziwekwe, nani kati yetu atamkatalia?

Lakini tazama kilichofuata. Juni 2025 mitambo iliyokusudiwa kuwakamata wauaji ilitumiwa kutoza faini za mwendo moja kwa moja, bila askari kumsimamisha dereva. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba utozaji huo ulisitishwa mwezi uleule. Chombo kilichonunuliwa kwa hofu ya damu kilikuwa kimegeuka mkusanya fedha, na ni nadra kwa chombo cha namna hii kubaki katika kazi kiliyoletewa.

Wenzetu wa Birmingham, Uingereza, walipata jingine. Mwaka 2010 iligundulika kwamba kamera zaidi ya 200, nyingi zikiwa za kusoma namba za magari na 72 zikiwa zimefichwa, zilikuwa zimewekwa katika mitaa ya Waislamu ya Sparkbrook na Washwood Heath. Wakazi waliambiwa ni za kupambana na uhalifu wa mitaani. Fedha zake, kumbe, zilitoka katika mfuko wa kupambana na ugaidi. Wakazi walipinga, Polisi waliomba radhi, na kamera ziliondolewa. New York nako, shirika la habari la Associated Press lilifichua mwaka 2011 na 2012 kwamba polisi walikuwa wakikusanya namba za magari ya watu wanaokwenda kuswali.

Dini yetu ina neno la jambo hili, nalo ni tajassus, kupeleleza aibu za watu, lililokatazwa katika Suratul Hujurat, aya ya 12. Imam Ghazali katika Ihya amesimulia kisa cha Sayyidna Umar (Radhiya Allahu anhu) aliyepanda ukuta wa nyumba usiku akamkuta mtu katika maasi. Mtu yule alimjibu kwamba yeye amekosa moja, na Amirul Muuminin amekosa matatu: amepeleleza, hakuingia kwa mlango, na hakubisha hodi wala kutoa salamu. Umar akamwacha. Alikuwa mtawala, tena mwadilifu, na alikuwa na ushahidi wa macho yake.

Katiba ya nchi yetu, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mwananchi haki ya kujua kilichohifadhiwa juu yake na kutaka kisahihishwe. Sheria hiyohiyo imeacha mlango kwa mambo ya usalama wa taifa na uzuiaji wa uhalifu, na ni kwenye mlango huo kamera za barabarani zitapita. Kwa hiyo yafaa tuulize mapema, kwa adabu na kwa maandishi: picha za wasio na kosa zitafutwa baada ya siku ngapi, na nani ataruhusu zifunguliwe?

Kuna jambo la nyumbani pia. Aliyeuza pikipiki kwa kupeana mkono, kadi ikabaki na jina lake, ajue kwamba namba huongoza kwenye jina lililo katika kadi. Pikipiki inashusha ndizi kutoka Kinole, mwenye jina amekaa Mji Mpya, na deni au kesi itamtafuta yeye. Msibadilishane chombo bila kubadilisha jina TRA, hata kama mnunuzi ni shemeji.

Misikiti yetu nayo imefunga kamera kwa sababu ya wezi wa viatu na vikuza sauti. Karibuni baba mmoja alitaka tumfungulie picha za wiki nzima aone kama kijana wake anahudhuria Alfajiri. Kamati ilikataa, tukamshauri aje kuswali naye. Tangu siku hiyo nywila ya mashine wanaishika watu wawili, haifunguliwi ila kwa wizi uliokwisha kuripotiwa, na fundi ameipanga ijifute kila baada ya siku 14. Kamera inayotazama maegesho ya magari bado inajadiliwa. Wapo wanaotaka igeuziwe mlangoni, na kikao ni Jumapili baada ya Adhuhuri.