Hima ya Misali ni ya Nani?

Kuna maneno yanazunguka mabarazani, nayo ni ya hatari: ati kuhifadhi kasa na matumbawe ni mambo ya Wazungu, Muislamu hayamhusu. Asemaye hivyo hakuisoma dini yake. Mtume (S.A.W.) aliifanya Madina kuwa haramu, miti yake isikatwe wala mawindo yake yasiwindwe. Naqii nako akaweka hima, yaani malisho yaliyozuiliwa kwa maslahi ya Waislamu wote. Yapata miaka 1,400 sasa!

Haya, tuitazame Misali, kisiwa kidogo magharibi ya Pemba, ambacho wazee husimulia kuwa Nabii Khidhri alikifanya msala akasali. Mwaka 1998 kiliwekwa chini ya hifadhi, na sehemu ya bahari yake ikafungwa isivuliwe kabisa. Ilipoonekana kwamba makatazo ya serikali peke yake hayamtishi mtu, masheikh waliitwa, na wavuvi wakasomeshwa jambo hili kwa Qurani. Hapo ndipo wengi walipolisikia.

Lakini imamu akinyamaza, kazi hiyo huoza. Mtupa baruti huua samaki na vifaranga vyake, na tumbawe lililoota kwa miaka mingi huwa kifusi kwa mara moja. Kisha Ijumaa mtu huyo yuko safu ya mbele, na khatibu anayemjua vizuri anakhutubu juu ya mabuibui ya wanawake.

Na nyinyi mnaoandika mipango maofisini, msifurahi. Sayyidna Umar alipomweka mtu wake kuilinda hima, alimwamrisha amruhusu mwenye ngamia wachache na mbuzi wachache, na awazuie wanyama wa Abdulrahman bin Auf na wa Uthman bin Affan. Matajiri hao, wanyama wao wakifa, wana mashamba na mitende. Maskini atakuja na watoto wake analia. Wakubwa wa zama za Ujahilia ndio waliokuwa wakijifungia malisho wao wenyewe, na Mtume akaliondoa jambo hilo.

Basi mpango unaomfukuza mwenye mshipi na dema, ukamwachia mwenye juya la kigumi au mwenye hoteli, hiyo si hima. Wavuvi wa madago wakae katika mpango tangu mstari wa kwanza, usomwe misikitini kabla haujatiwa saini, na fedha wanazotoa wageni zihesabiwe mbele ya watu wa shehia.