Uzuri wa Charleston una wenyewe

Mgeni anayefika Charleston, kusini mwa Marekani, hupokewa na miti ya jamii ya mitende ambayo wenyeji huiita palmeto. Si minazi, haizai dafu, na majani yake yanakaribia zaidi ya mvumo. Lakini palmeto ndio mti ulio kwenye bendera ya jimbo la South Carolina, na hakuna muuza fulana mjini asiyekuwa nao.

Heshima hiyo ilipatikana vitani. Juni 28, 1776, manowari za Uingereza ziliishambulia kwa mizinga ngome ya kisiwa cha Sullivan, mlangoni mwa bandari, ikiwa bado haijakamilika. Kuta zake zilikuwa magogo ya palmeto yaliyopangwa safu mbili na kujazwa mchanga katikati. Shina la mti huo ni laini, la nyuzinyuzi, kwa hiyo makombora yalizama humo badala ya kuupasua ukuta. Waingereza wakarudi nyuma. Fulana hazisemi kwamba miongoni mwa waliokata na kuburuta magogo hayo walikuwamo watumwa, na uhuru uliotangazwa siku sita baadaye haukuwahusu.

Kutunza majengo, Charleston hawana mfano. Mwaka 1931 lilikuwa jiji la kwanza Marekani kutunga sheria ya kulinda mtaa mzima wa kihistoria, na nyumba 13 za rangi rangi za East Bay Street hupigwa picha kutwa kucha. Ila ukisogelea baadhi ya kuta kongwe utaona kwenye matofali alama za vidole, nyingine ndogo za watoto, zilizobonyea udongo ukiwa mbichi. Mji ulitajirika kwa mpunga, na mpunga ulilimwa na Waafrika. Inakadiriwa kuwa takriban asilimia 40 ya waliopelekwa utumwani katika nchi ambayo leo ni Marekani walipitia hapa. Baraza la jiji liliomba radhi mwaka 2018. Mwaka 2023 yakafunguliwa makumbusho ya historia yao palipokuwa gati la Gadsden, waliposhushwa wengi. Ni vyema, japo wamechelewa mno.

Na makumbusho peke yake hayatoshi, maana wajukuu wa watu hao wapo, wakiwemo Wagullah. Akina mama wa Kigullah husuka vikapu sokoni kwa ufundi uleule wa nyungo za kupepetea mpunga: fungu la nyasi huzungushwa, likashonwa kwa ukanda wa jani la palmeto unaopenyezwa kwa mpini wa kijiko. Wageni hulalamikia bei. Waulize kwanza nyasi zinatoka wapi: sehemu nyingi za pwani zilikoota zimejengwa majumba ya kifahari au zimezungushiwa uzio, na msusi sasa huzifuata mbali au huzinunua.

Jiji linalomwamulia mwenye nyumba rangi ya kupaka ukuta wake halikosi uwezo wa kukaa na majirani zake na wenye viwanja hivyo, wasusi wafunguliwe njia ya kwenda kukata nyasi.