Mzee Asipumzishwe Hadi Ashindwe Kuinuka

Katika nyumba nyingi za Ihanja, wilayani Ikungi, bibi anapotaka kuinuka kigodani, mjukuu humwahi na kumshika mkono. Ndoo ya maji hachukui tena. Mchi amekwisha kupokonywa, na msimu wa mtama na alizeti ukifika huambiwa akae kivulini. Haya yote hufanywa kwa mapenzi, nayo ni matunda ya malezi mema. Hata hivyo, heshima hiyo ina gharama isiyoandikwa kwenye kadi ya kliniki: bibi aliyeondolewa kila kazi hupoteza nguvu za miguu kidogo kidogo, mpaka usiku mmoja anaanguka akienda chooni.

Nguvu za misuli ni kipimo cha afya kama lilivyo shinikizo la damu. Hupimika, hupungua, na zinaweza kurejeshwa kwa dozi maalumu. Elimu ya dozi hiyo inadaiwa sana na wanyanyuaji wa vitu vizito, watu ambao wengi huwadhania kuwa ni vijana wa vifua vipana tu.

Wagiriki wa kale walisimulia habari za Milo wa Krotone, mwanamieleka wa karne ya 6 kabla ya Kristo, aliyembeba ndama kila siku mpaka ndama akawa fahali. Hiyo ni hadithi, lakini kanuni iliyomo ni ya kweli: mwili huimarika mzigo unapoongezwa polepole. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kanuni hiyo iliingia hospitalini. Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani mjini Chicago, alikuwa akiwatibu wanajeshi walioumia magoti. Desturi ya wakati ule ilikuwa mapumziko marefu na mazoezi mepesi. DeLorme, ambaye mwenyewe alizoea kunyanyua vyuma tangu ujanani, aliwapa wagonjwa mizigo mizito na kuiongeza kadiri misuli ilivyopata nguvu. Alichapisha matokeo yake mwaka 1945. Mwaka 1948, yeye na Arthur Watkins walieleza utaratibu wa mafungu matatu ya marudio kumi, ambao alama zake zimo katika fiziotherapia hadi leo.

Mchezo wa minyanyuo mitatu ulifanya mashindano yake ya kwanza ya dunia mwaka 1971 mjini York, Pennsylvania, na shirikisho lake la kimataifa likaundwa mwaka uliofuata. Mshindani huchuchumaa na vyuma mabegani kisha huinuka. Hulala chali juu ya benchi na kusukuma vyuma juu. Mwisho huviinua kutoka sakafuni mpaka asimame wima. Mambo haya si mageni Ihanja. Anayeinuka kigodani au chooni anafanya mnyanyuo wa kwanza. Anayejisukuma kwa mikono ili atoke kitandani anatumia misuli ya wa pili. Anayeinua ndoo ya lita 20, yaani kilo 20 za maji, anafanya wa tatu. Bingwa wa dunia na bibi wa kijijini wanatofautiana katika uzito wa mzigo kuliko katika aina ya kazi.

Wala udhaifu wa miguu haumalizi habari. Katika Michezo ya Paralimpiki, unyanyuaji vitu vizito umekuwapo tangu Tokyo 1964, na wanawake waliingia Sydney mwaka 2000. Hellen Wawira Kariuki wa Kenya alitwaa medali ya shaba katika mchezo huo kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham mwaka 2022.

Je, umri? Mwaka 1990 watafiti wa Boston wakiongozwa na Maria Fiatarone walichapisha habari za wazee kumi wa makao ya wazee, wenye umri wa wastani wa miaka 90. Kwa wiki nane walifanyishwa mazoezi mazito ya mapaja. Nguvu za waliokamilisha ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili wakaacha mikongojo. Walipoacha mazoezi kwa wiki nne, karibu theluthi moja ya nguvu ikapotea. Basi dawa hii hufanya kazi hata uzeeni, na hukoma kufanya kazi inapoachwa.

Yupo atakayesema kuwa mkulima hahitaji mazoezi, kwa maana jembe linatosha. Hoja hiyo ina uzito kwa kijana, ingawa jembe humchosha mtu bila kumpimia mzigo wala kumpangia mapumziko, na mgongo ndio hulipa. Kwa mzee aliyekwisha kuondolewa jembe, hoja hiyo haipo tena. Yeye hana kazi wala mazoezi.

Kipimo hakihitaji mashine. Mhudumu huweka kiti cha kawaida ukutani, mzee hukunja mikono kifuani, kisha huinuka na kuketi mara tano. Kwa mujibu wa makubaliano ya wataalamu wa Ulaya ya mwaka 2019, anayetumia zaidi ya sekunde 15 anashukiwa kuwa na upungufu wa nguvu. Kazi hiyo haimalizi hata dakika moja, na inaweza kufanywa siku ileile ya kliniki ya kisukari au shinikizo la damu, au nyumbani na mhudumu wa afya ngazi ya jamii.

Dozi nayo ni rahisi. Mzee aanze kwa kuinuka kitini mara nane hadi kumi, apumzike, arudie. Akizoea, aache kujishika. Akizoea tena, ashike chupa ya maji kila mkono. Haba na haba hujaza kibaba. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa mwaka 2020, linashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kujimudu wasianguke angalau siku tatu kwa wiki. Atoe pumzi anapoinuka, asiibane. Mwenye maumivu ya kifua, kizunguzungu au shinikizo lisilodhibitiwa aonane na daktari kwanza.

Misuli haijengwi kwa ugali na mlenda peke yake. Kuku wa kienyeji wa Singida husafirishwa kwenda kulisha miji mikubwa. Yai moja libaki kwa bibi, pamoja na maharage, dengu au maziwa. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza kiasi kinachomfaa.

Hakuna anayeombwa kupunguza heshima. Mjukuu aendelee kumwahi bibi. Asimame karibu, mkono ukiwa tayari, na amwache ainuke mwenyewe.