Maji Ndani ya Kompyuta

Wazee wenzangu wananisuta kwa kumwachia mjukuu wangu aunde kompyuta ya michezo inayopozwa kwa maji. Eti anasa! Sikubaliani nao hata kidogo. Chuoni nilifundisha upitishaji joto kwa chaki tupu, wanachuo wakakariri. Kijana huyu aliikataa rejeta ya alumini niliyomnunulia: “Babu, vibao vya kupozea ni vya shaba, zikikutana majini, alumini italika.” Kisha akaiendesha pampu peke yake kutwa nzima, sehemu nyingine zote zimekatiwa umeme, karatasi zimetandikwa chini ya kila kiungo, akisubiri tone. Nikakaa naye, nikizipapasa karatasi. Kavu. Wanachuo wangu niliwapa vyeti bila wao kugusa hata bomba.