Mjane wa Luka Naye Alikuwa na Pepo?

Jumapili iliyopita mhubiri wetu alipandwa na munkari kwa ajili ya mzee mmoja wa mtaani ambaye Mahakama imemfutia tena madai yake ya fidia dhidi ya Serikali. Hakumtaja, ila kanisa zima liligeuka kutazama benchi la nyuma. Ana pepo la kesi, akasema, watu wakaitika amina. Amina ya nini? Mhubiri huyo huyo ndiye aliyetusomea Luka 18, habari za mjane aliyemganda kadhi mpaka akapewa haki yake. Kumbe mjane wa Biblia akirudi ni imani, mzee wa mtaa wa pili akirudi ni pepo!

Shauri likifutwa, hakuna aliyeamua kwamba mzee ni mwongo. Hakuna shahidi aliyeapa wala kielelezo kilichopokelewa. Wakili wa Serikali kasimama na pingamizi la awali: notisi ya siku 90 haikutolewa, au nakala haikumfikia Mwanasheria Mkuu, au Mwanasheria Mkuu hakuunganishwa, kama sheria inavyotaka tangu mwaka 2020 hata kama unayoidai ni halmashauri ya wilaya. Faili linafungwa, mzee anaruhusiwa kurekebisha na kufungua upya. Akifungua upya, msumbufu. Nani kamrudisha?

Na hizo siku 90 ni nafuu. Zamani uliomba kwanza ridhaa ya Serikali ndipo uishtaki, mpaka Mahakama ya Rufani ilipokibatilisha kifungu kilichodai ridhaa hiyo mwaka 1993 katika shauri la Kukutia Ole Pumbun. Ibara ya 107A ya Katiba nayo inakataza haki kukwamishwa na masharti ya kiufundi. Imeandikwa, ipo.

Eti mahakama zitajaa vichaa wanaodai mabilioni! Kichaa gani huyo anayelipa ada, anatoa nakala na kupanga foleni ya muhuri kwa starehe? Mimi nilifuata karatasi moja tu katika ofisi fulani ya ardhi. Mtandao hakuna, mwenye funguo kaenda msibani. Nikakata tamaa kabla ya adhuhuri. Mzee hajakata.

Tena hata akisikilizwa akashinda, hakuna dalali wa kukamata gari la Serikali kufidia deni lake. Atakaa na hukumu mkononi akingojea bajeti, nanyi mtampachika jina jipya: mzee wa madeni.